Kuficha na Kusitiri: Siri na Kuaminiana katika Riwaya ya Lucy Score

Katika madarasa yetu ya fasihi, riwaya pendwa imeanza kupewa kiti. Mwanafunzi anaweza kuandika juu ya Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa na asichekwe na mtu. Riwaya ya mapenzi bado imesimama mlangoni, na ile inayosimulia mambo ya kitandani waziwazi haijafika hata kwenye ngazi. Tunaisoma, tena sana, kwa simu, tukipeana mafaili usiku bwenini. Asubuhi tukiingia darasani tunajifanya hatuijui. Sababu inayotolewa ni kwamba riwaya hizo hazina la kuhakiki, kwa kuwa msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wawili watapendana, watakosana na watarudiana. Hilo ni kweli. Lakini hata tanzia tunaifungua tukijua kwamba mwishoni mtu ataangamia, na hatujaacha kuihakiki.

Makala hii inaichukua riwaya moja ya aina hiyo, Things We Never Got Over ya Mmarekani Lucy Score, iliyotoka mwaka 2022, na kuiuliza swali moja: watu wazima wawili wenye siri wanajifunzaje kuaminiana, na kitanda kinawasaidia au kinawachelewesha? Ninavyoisoma mimi, kinawachelewesha. Kuaminiana kwa kweli katika riwaya hii kunatokea mahali pengine kabisa, kati ya mwanamke na mtoto wa miaka 11, na hapo hakuna joto lolote la kumvuta msomaji.

Kwa ambao hawajaisoma, kisa ni hiki. Naomi Witt anakimbia harusi yake mwenyewe na kwenda Knockemout, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Virginia, kwa sababu pacha wake Tina, ambaye hawajapatana kwa miaka mingi, amemwomba msaada. Akifika anakuta ametegwa. Tina anamwibia gari na pesa, anatoweka, na kumwachia binti anayeitwa Waylay, mtoto ambaye Naomi hakuwahi kujua kwamba yupo duniani. Siku hiyohiyo anakutana na Knox Morgan, kinyozi na mwenye baa, mwanamume wa ndevu nyingi na maneno makali, aliyewahi kushinda mamilioni ya dola katika bahati nasibu na asiyetaka uhusiano wa kudumu na mwanamke yeyote. Yanayofuata msomaji wa riwaya hizi anaweza kuyakisia: wanagombana, wanatamaniana, wanakubaliana kulala pamoja bila mmoja kumdai mwenzake chochote, kisha makubaliano yanawashinda.

Tukiisoma kwa masikio ya Kiswahili, jambo la kwanza linalojitokeza ni kwamba siri za riwaya hii si za jamii moja. Sisi tunatenganisha kuficha na kusitiri. Anayeficha anamnyima mwenzake kitu ambacho mwenzake ana haki ya kukijua. Anayesitiri anafunika jambo ili heshima ya mtu, yake au ya mwingine, isivuliwe nguo mbele ya watu. Tina ameficha: amewanyima wazazi wake mjukuu, na mtoto wake ndugu wa kumkimbilia, kwa miaka 11. Naomi anasitiri. Anapotoroka kanisani hamwambii mtu, hata wazazi wake, kwamba bwana harusi, Warner, alimwinulia mkono. Anaona aibu, ingawa aibu ile si yake, na anachagua kuonekana mwanamke mwenye kichwa chepesi aliyevunja harusi bila sababu kuliko kuonekana mwanamke aliyepigwa.

Knox yuko katikati, na ndiyo maana ndiye mhusika mgumu zaidi kumhukumu. Baba yake aliangukia ulevi baada ya kufiwa na mkewe, akapoteza kazi, nyumba na wanawe. Knox halizungumzi jambo hilo. Katika kiwango hicho anamsitiri mzazi wake, na sina ugomvi naye. Kwetu mtoto anayemtangaza baba yake mlevi ndiye angeulizwa maswali. Lakini kutokana na maisha hayo amejengewa hofu, kwamba mwanamume akipenda mno ataangamia siku atakapoachwa au atakapofiwa, na hofu hiyo anamficha Naomi, ambaye ana haki ya kuijua kwa sababu ndiyo itakayomvunja. Siri moja, basi, ina upande unaositiri na upande unaoficha. Score ameiona tofauti hii alipokuwa akiwaumba wahusika. Nina shaka kama aliiona alipokuwa akiwahukumu. Sheria ya riwaya yake ni kwamba kila kilichofunikwa lazima kifunuliwe, na mpendwa ambaye hajaambiwa yote hajapendwa bado. Ni sheria ya watu wanaoamini kwamba kusema ni dawa. Si sheria mbaya, ila isichukuliwe kuwa ni ya binadamu wote.

Upande wa usimulizi ndiko ufundi wa mwandishi uliko. Sura zinapokezana: moja inasimuliwa na Naomi, nyingine na Knox, wote katika nafsi ya kwanza. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ni msomaji. Tunazama kwa Naomi, tunapanda, tunazama kwa Knox. Kwa hiyo taharuki ya riwaya haitokani na swali la nini kimefichwa, kwa kuwa mara nyingi tunajua kabla ya mpenzi mwenzake. Inatokana na lini kitasemwa, na kwa gharama gani. Tunamwona Knox akimwambia Naomi maneno ya kejeli huku sura nzima tuliyotoka kuisoma imetuonyesha jinsi anavyomwogopea. Kinaya hicho kinamfanya msomaji atake kuingia ndani ya kitabu na kuwashika wote wawili masikio. Wanaosema kwamba riwaya hizi husomwa kwa ajili ya kitanda tu waeleze kwa nini wasomaji husubiri kwa hamu kubwa zaidi sura ya maungamo.

Hata hivyo kitanda kipo, na mhakiki asikiruke kwa kusema tu kwamba kuna matukio yasiyofaa kwa vijana. Tatizo letu la kwanza ni la msamiati. Nilipojaribu kuyaeleza matukio haya kwa Kiswahili cha darasani, nilikuta kila tafsida inakuja na hukumu yake. Tukisema tendo la ndoa, tumeshawafungisha Naomi na Knox ndoa ambayo hawana wala hawaitaki. Tukisema uzinzi, tumewahukumu kabla ya kuwasikiliza. Kujamiiana ni neno la daktari na mwalimu wa baiolojia. Kulala pamoja ni usingizi. Watu wa pwani hawakukosa lugha ya mambo haya: nyimbo za unyago, mafumbo ya taarabu na maneno ya kanga yanayasema vizuri, kwa ukali na kwa utamu. Ni nathari ya hakiki yetu iliyobaki maskini, nasi tunaosoma Kiswahili huku Uganda, ambao wengi tumekipata darasani na si kwa bibi zetu, tumeurithi umaskini huo mzimamzima.

Tukivuka kikwazo hicho, swali la kihakiki ni jepesi: tukio hili la kitandani linafanya nini kwa siri iliyopo? Katika riwaya ya Score, mara nyingi linaiahirisha. Naomi na Knox hukaribiana kimwili wakati ambapo mazungumzo yamefika mahali pagumu. Mwili wa Naomi, mwanamke aliyezoea kuwatumikia wengine na kujisahau, unajifunza kudai. Hilo ni jambo kubwa, na Score analisimulia kwa ucheshi na bila kumdhalilisha. Mwili wa Knox unasema ukweli ambao ulimi wake unaukana, kwa sababu mtu aliyesema hataki kufungwa hawezi kuacha kurudi. Lakini ukweli wa mwili hauna maneno, na kila mmoja anautafsiri apendavyo. Naomi anautafsiri kuwa ni mwanzo wa nyumba. Knox anautafsiri kuwa ni dalili ya hatari. Ndiyo maana uhusiano unapovunjika, unavunjika wakati joto likiwa juu kabisa: Knox anamwacha mwanamke anayempenda kwa sababu anampenda. Msomaji aliyeyapitia matukio yale haraka hawezi kuuelewa uamuzi huo. Atauona kuwa hila tu ya mwandishi kurefusha kisa.

Hapa inafaa kuikumbuka Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya uwazi wake katika mambo hayahaya. Sizilinganishi riwaya hizi kwa ubora. Nalinganisha zinavyoishughulikia siri. Rosa wa Ukerewe analelewa na baba anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anajifunza mapema kwamba tamaa ni kitu cha kufichwa, na anaposhindwa kuificha anaangamia. Charles, aliyekuwa tayari kumwoa, anapogundua kwamba Rosa si bikira anamwacha, na Rosa anajiua. Katika ulimwengu wa Kezilahabi siri ya mwili ikifunuka mwanamke hufa. Katika ulimwengu wa Score ikifunuka mwanamke huolewa. Mkataba wa utanzu wa mapenzi unamlazimisha mwandishi wa Marekani afike harusini, kama hasira ya Kezilahabi dhidi ya malezi ya kinafiki ilivyomlazimisha kufika kaburini. Nisingependa kusoma riwaya za upande mmoja tu. Msichana aliyesoma Rosa Mistika pekee anaweza kuondoka na fundisho ambalo Kezilahabi mwenyewe hakulikusudia, kwamba afadhali kunyamaza.

Sasa kuhusu Waylay. Wahakiki wakizungumza juu ya riwaya ya mapenzi huwatazama wapenzi, na watoto huwaona kama mapambo ya mandhari. Hapa mtoto ndiye kipimo. Waylay ameachwa na mama yake motelini. Ni mjuzi wa kompyuta na simu kuliko watu wazima wanaomzunguka, ana ulimi mkali, na hamwamini mtu, kwa sababu mtu pekee aliyepaswa kuaminiwa ndiye aliyemwacha. Mbele yake yupo shangazi asiyemjua, mwenye sura ileile ya mama yake. Tufikirie hilo kidogo. Kila asubuhi mtoto huyu anaangalia uso uliomdanganya, akiambiwa kwamba safari hii uso huo ni mwema.

Naomi hana njia ya mkato ya kumfikia. Hawezi kumbembeleza kwa mahaba wala kumnunua kwa zawadi, kwa kuwa hana pesa. Hata gari hana. Kilichobaki ni kazi ndogondogo zinazorudiwa: chakula kipo mezani kwa wakati uleule, nguo za shule zipo, ahadi ya jana inatimizwa leo, na ikishindikana anaambiwa kwa nini. Kunafuata hatua za kisheria za ulezi, ambapo maisha ya Naomi yanachunguzwa, na mwanamke aliyezoea kuwaridhisha wote anatakiwa athibitishe kwamba anaweza kumtosheleza mmoja. Sura hizi zina ucheshi lakini hazina msisimko, na msomaji mwenye haraka huziruka kama wengine wanavyoruka za kitandani. Ndizo zinazoonyesha kuaminiana kunavyojengwa. Kiswahili kina neno amana, kitu unachokabidhiwa ukitunze hadi mwenyewe atakapokitaka, na limetoka katika shina moja na amini. Waylay ni amana iliyotupwa mlangoni. Naomi anaipokea bila kuulizwa kama anaweza.

Tofauti kati ya mapenzi haya mawili inaonekana wazi Knox anapoondoka. Knox anampenda Naomi na anakimbia. Naomi anampenda Waylay, amechoka, hana hakika na kesho, na anabaki. Mwandishi hakuweka sentensi ya kutulinganishia. Ameyaacha matendo mawili karibukaribu katika kisa. Ni mahali anaponipendeza zaidi.

Mji nao unahitaji neno. Knockemout ni mji ambao kila mtu anajua mambo ya kila mtu, na Score anaupenda. Mkahawa, baa, kinyozi, maktaba na kituo cha polisi vyote vinafanya kazi ya redio. Umbeya unachorwa kama namna ya kupendana: watu wanaulizia kwa sababu wanajali, na mtu akipatwa na shida wanafika. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyekulia katika mji mdogo atatabasamu, kisha atasita. Tunaujua mji wa namna hiyo, na tunajua pia kwamba masikio yaleyale yanayokimbilia msiba ndiyo yanayobeba jina la binti mpaka likachakaa. Riwaya yenyewe ina ushahidi huo. Naomi anapoingia mkahawani kwa mara ya kwanza, anatazamwa kwa chuki na kufokewa na Knox, kwa sababu wamemdhania kuwa ni Tina. Mji umeshamhukumu Tina, na hukumu hiyo imebandikwa usoni. Yeyote mwenye uso huo anailipa. Tukio hili la mwanzo ni la kuchekesha, lakini ni shitaka zito dhidi ya mji, na mwandishi analisahau upesi mno. Baada ya kurasa chache mji unageuka kuwa jamaa mkubwa mwenye upendo, na hakuna anayeulizwa kwa nini mtoto wa Tina aliishi miongoni mwao katika hali ile huku kila mtu akijua kila kitu.

Fedha za Knox zina udhaifu wa namna hiyohiyo. Mwandishi anajaribu kuzifanya tatizo, kwani zimewatenga Knox na kaka yake Nash, mkuu wa polisi, ambaye hakutaka kupewa. Huo ni mgogoro mzuri, kwamba zawadi inaweza kuwa njia ya kutomruhusu mwenzako akufahamu. Mtu anayelipia kila kitu hahitaji kuomba chochote, na asiyeomba haonekani udhaifu wake. Nilitarajia hoja hiyo ifikishwe hadi kwenye mapenzi yake na Naomi. Inaguswa, kisha inaachwa, kwa kuwa riwaya ya aina hii inahitaji shujaa anayeweza kutatua mambo, na mamilioni hutatua. Halafu kinakuja kisa cha utekaji nyara, ambapo Tina anarudi akiwa na wahalifu, na Naomi na Waylay wanakuwa mateka. Hatari hiyo inamrudisha Knox, na ndoa inafuata. Kurasa zinasomeka haraka, lakini zimemwibia Knox nafasi ya kufanya alichofanya Naomi: kurudi siku ya kawaida, bila bunduki wala polisi, na kuaminiwa polepole. Anasamehewa kwa sababu alikaribia kumpoteza. Waylay hakutoa msamaha wa bei hiyo.

Nimemwacha Tina mwisho kwa sababu riwaya pia inamwacha. Kwa Waganda pacha wa kike ni Babirye na Nakato, na baba na mama yao hupewa majina ya heshima, Ssalongo na Nnalongo. Pacha wanakuja pamoja na heshima yao inakuja pamoja. Msomaji wa huku hawezi kupita kirahisi penye pacha mmoja aliyefanywa malaika na mwingine takataka. Score anatupa vidokezo: wawili hawa walilinganishwa tangu utotoni, mmoja akawa wa kusifiwa na mwingine wa kuonywa, na jinsi mmoja alivyozidi kuwa mwema ndivyo mwingine alivyozidi kukosa mahali. Naomi mwenyewe anajua kwamba wema wake ulikuwa kazi ya kufidia makosa ya dada yake. Hapo palikuwa na riwaya nyingine ndani ya riwaya. Ni nani aliyewahi kumwamini Tina, na lini aliacha? Alimficha mtoto wake kwa wazazi, au alijisitiri yeye mwenyewe asionekane tena ameshindwa mbele ya macho yaleyale?

Kitabu hakitujibu, na muundo wake haukiruhusu. Sura ni za Naomi na Knox; kata haikuzamishwa katika mtungi wa Tina hata mara moja. Anasikika kupitia matusi, wizi na vitisho, kisha anaishia mikononi mwa polisi, na mji ambao siku ya kwanza ulimfokea mtu asiye yeye unapumua.